Marahaba Mdomoni

Sisi watu wa Pwani tumezoea vipimo vya kukadiria. Muulize mtu wa Kisarawe Kibaha ni wapi, atakwambia "hapo tu". Utapanda daladala hadi Gongo la Mboto, ubadilishe gari uende Mbezi, ubadilishe tena, na jua la utosi likukute Maili Moja. Hata fundi nguo akikupima kiuno huacha kitambaa cha akiba, maana anajua Idi inakuja. Jino la kuvishwa taji ndilo halina akiba. Mwanya kati ya taji na jino ukizidi sana sehemu ya kumi ya milimita, mabaki ya chakula huhamia humo bila kulipa kodi, na jino huoza chini kwa chini.

Gego langu lilipasuliwa na kijiwe cha kwenye maharage. Daktari wa Kibaha, kijana mpole, alilitibu mzizi, akalichonga likabaki kisiki, akazungushia uzi mwembamba kwenye ufizi ili ukingo wa kisiki uonekane vizuri. Kisha akavua glavu zake za mpira, kwa kuwa salfa iliyomo huzuia silikoni isigande, akavaa za aina nyingine. Akakanda silikoni za rangi mbili mpaka zikawa rangi moja, akajaza kwenye trei, akanisindilia mdomoni.

"Baba, dakika tano tu. Usiongee, pumua kwa pua. Kichefuchefu kikija, inua mguu."

Kikaja. Nikainua.

Nipo hivyo, mguu hewani, mate yananitiririka kidevuni, mlango ukafunguliwa. Akaingia binti wa zamu, kalelewa akaleleka, akakunja goti: "Shikamoo, baba."

Wapo watakaosema ningekaa kimya. Hao hawakulelewa na bibi wa Kizaramo. Ulimi wangu uliitikia kabla akili haijashirikishwa, na marahaba haitamkiki mtu akiwa na trei kinywani. Ilitoka "mmaghahamba", na trei ikahama.

Daktari aliichomoa akaitazama kwenye taa. Ukingo wa kisiki ulikuwa umevutika ukawa kingo mbili, na kipovu cha hewa kimekaa palepale kisipotakiwa.

"Fundi wa maabara akimimina plasta humu," alisema, "atatengeneza jino la mtu mwingine."

Tukaanza upya: uzi, silikoni, trei, mguu. Binti akasikia kilichotokea, akaja mbio kwa huruma: "Jamani! Pole, baba!"

Na pole nayo huitikiwa.

Safari iliyofuata daktari alifunga mlango kwa komeo, na kipimo kikatoka safi. Taji limekaa sawasawa; nalitafunia hata muhogo mkavu. Nina pendekezo moja tu kwa waganga wa meno wa mkoa wetu: ile aproni mnayomvika mgonjwa kifuani iandikwe MARAHABA kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo: NIMESHAPOA.