Nusu Marathoni ya Lunga Lunga

Mei 2022, kabla magari hayajafunguliwa njia kwenye Nairobi Expressway, walitangulizwa wakimbiaji. Walilipa ada, wakapewa fulana, namba ya kifuani na maji njiani. Siku za kawaida, mwenye miguu mitupu ya kutembelea haruhusiwi kuikanyaga lami ile.

Huko chini, Industrial Area, mbio ni za kila siku na hazina ada. Alfajiri kundi la vibarua linatoka Kayole, jingine Pipeline, jingine Mukuru kwa Reuben, wote wakielekea Lunga Lunga na Enterprise Road. Wa Kayole, akijumlisha kwenda na kurudi, hayuko mbali na zile kilomita 21 zinazowapa wengine medali. Kituo chake cha maji ni mama wa chai ya rangi, ambaye mdhamini wake ni deni la duka.

Wanaokwenda kushindana mbio Mombasa hurudi wakilalamikia joto na unyevu wa pwani. Poleni. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Kibarua wetu hasafiri kutafuta jasho. Amewekewa ndani, chini ya mabati, kando ya mashine inayoyeyusha plastiki, naye husimama hapo mpaka jioni.

Hiyo ni ikiwa msimamizi amemchagua kwa kidole getini. Akifika dakika tano baada ya saa moja, hata awe amekimbia kama Kipchoge, geti limefungwa.