Walibeba Spea, Meli Ikabaki Salale

Kiel, Ujerumani

Ndugu zangu wa Kibiti, wa Bungu, na nyinyi wa deltani, Salale na Mbwera, ambao hata barua huwafikia kwa boti: tufungue boneti. Kuhusu gari la familia linalopiga kelele nina neno moja, na nitalitetea mpaka chai yenu ipoe: gari kuukuu likianza kupiga kelele, lisiende popote wala lisifunguliwe kitu chochote mpaka ijulikane kelele inakaa wapi. Ikishajulikana, kitolewe kitu hicho kimoja, kiende kwa fundi kikiwa mfukoni, na gari libaki nyumbani chini ya mkorosho.

Nyumbani nakusema kwa makusudi, maana najua wapo wanaoona kutengeneza gari uani ni dalili ya kukosa nauli ya kwenda gereji. Huku Jumapili sheria inataka utulivu. Ukiwasha mashine ya kukatia nyasi jirani haji kukugombeza, anapiga simu. Kulala chini ya gari barabarani ukifungua nati kunaweza kukuletea askari, na oili ikidondoka ardhini unakuwa na kesi ya kuchafua maji. Oili chafu yenyewe humwagi hovyo: duka lililokuuzia mpya linalazimika kisheria kuipokea ya zamani, nawe unakwenda umelikumbatia dumu na risiti mkononi. Kwa hiyo mwenye gari kuukuu na mfuko mwembamba hukodi nafasi katika gereji za kujihudumia, anapewa lifti na spana kwa saa, na saa hiyo hukimbia kuliko injini yake. Nyinyi mna kivuli, mkeka na jirani ambaye akisikia nyundo anakuja na maoni. Hiyo ni gereji kamili, na maoni ni ya bure.

Sasa tuisikilize hiyo kelele. Mbele ya injini nyingi za Kijapani mlizonazo kuna mkanda unaozungusha vitu kadhaa kwa pamoja: oltaneta, pampu ya maji, pampu ya usukani, kompresa ya AC ikiwepo, na kigurudumu kidogo ambacho kazi yake ni kuukaza mkanda basi. Kila kimoja kinakalia beringi, na beringi zikichakaa zote hulia kwa lugha moja, ndiyo maana mtu anaweza kununua oltaneta kwa kosa la kigurudumu. Lakini zinatenganishika. Nyunyizia maji kidogo kwenye mkanda injini ikiwa inanguruma: mlio ukibadilika papo hapo, mwenye kesi ni mkanda, umelegea au umekauka. Usipobadilika, zima, utoe huo mkanda wa nje, kisha washa tena injini ikiwa baridi kwa sekunde chache tu, maana kwenye magari mengi pampu ya maji nayo imesimama. Kelele ikinyamaza, injini yenu haina hatia. Mkosaji ni mmoja wa wale waliokuwa wakizungushwa. Zungusha kila kimoja kwa mkono. Kizima huenda kimya, kibovu hukwaruza kama kimelishwa mchanga wa Nyamisati. Mwenye shaka bado aurudishe mkanda, achukue bisibisi ndefu, aegemeze ncha kwenye chuma kisichozunguka karibu na beringi, na mpini auweke sikioni. Hapo mtu hahitaji kuambiwa, beringi inajitangaza yenyewe.

Kelele ikiendelea hata mkanda ukiwa umetoka, ndipo tuingie ndani, na huko pia sikio lina hesabu. Kemshafti inayosukuma vali huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea hugonga mara 400, tik-tik jembamba la juu, kwenye kifuniko cha vali. Kinachogonga kwa mwendo wa krenki yenyewe, tena kwa sauti nzito ya chini, ni mambo ya pistoni na beringi kubwa, na hilo nitalirudia. Mtu wa deltani anayejua boti ya nani inakuja kabla haijatokeza kwenye kona ya mikoko hawezi kuniambia kwamba sikio lake halitofautishi juu na chini.

Mjomba namsikia kutoka huku: "Gari la zamani halikosi kulia, wewe ongeza oili nzito na redio." Redio sina la kuisemea, ingawa inawatengenezea watu magari mengi kuliko mafundi wote wa barabara ya Kilwa. Oili nzito ina mahali pake, na mtengenezaji ameandika kwenye kitabu cha gari ni wapi. Lakini Mjomba, beringi ya kigurudumu cha mkanda haionji oili ya injini hata siku moja. Iko nje, imefungiwa grisi yake tangu kiwandani. Ukiijaza injini oili nzito kwa ajili yake umempa dawa mgonjwa wa nyumba ya pili. Na kama kweli ni tapeti, oili nzito itaifunika sauti huku ikichelewa kupanda juu asubuhi injini ikiwa baridi, kwa hiyo chuma kinaendelea kulika, ila sasa kwa adabu. Sabuni ya kipande kwenye mkanda ni hadithi hiyo hiyo: kimya cha muda, kisha mkanda unateleza, oltaneta haichaji, na mnajikuta mnasukuma gari Jaribu Mpakani usiku.

Shangazi naye ataniuliza kwa nini nasifia bisibisi wakati Wazungu wana kompyuta. Ni kweli wanazo, Shangazi. Lakini kompyuta ya gari inajua yale tu iliyowekewa vihisio. Katika nchi za Umoja wa Ulaya magari mapya ya petroli yalianza kulazimishwa mfumo wa kujipima mwaka 2001, na hata hayo hayana kihisio cha beringi ya kigurudumu. Kile kinachosikiliza kugonga kwa injini kinasikiliza mafuta yanavyolipuka ovyo, basi. Taa haitawaka kwa sababu beringi inalia. Fundi wa huku, aliyesomea ufundi huo miaka mitatu na nusu, beringi ikilia huchukua chombo kama cha daktari chenye mipira ya masikioni na fimbo ya chuma mbele, akaigusisha pale pale ambapo binamu yangu angegusisha bisibisi. Kwenye mitambo mikubwa kama ile 9 ya megawati 235 kila mmoja, iliyofungwa kwenye bwawa la Nyerere mtoni kwetu, kazi ya kusikiliza beringi hufanywa na vipimo vya mtikisiko na joto, usiku na mchana. Ukubwa wa sikio ndio umebadilika.

Mahali ninapogombana na wenyeji wangu ni baada ya kelele kupatikana. Gereji ya huku ikigundua beringi ya oltaneta imekufa, mara nyingi hutoa oltaneta nzima na kuweka nyingine. Si ujinga. Saa moja ya fundi huvuka yuro 100 bila kutoa jasho, kwa hiyo kukaa na kuipasua oltaneta ili kutoa kijipete kimoja kunaweza kugharimu kuliko oltaneta yenyewe. Kwenu mizani imegeuka: mkono wa fundi ni rahisi, spea ndiyo ghali. Anayeiga Ulaya hapo anaiga bili asiyokuwa nayo. Na msinicheke mkidhani hilo ni tatizo la Wazungu peke yao, kwa sababu kuna yule anayesikia tik-tik ya tapeti, anapanda basi hadi Dar es Salaam, anarudi na injini ya mtumba iliyofungwa kamba juu ya keria, ambayo hajui ililia vipi ilikotoka. Amebadilisha kelele anayoifahamu kwa kelele ya mgeni.

Beringi kwa bahati njema haina kabila. Ubavuni imeandikwa namba. Ile ya 6203, inayopatikana kwenye vigurudumu vingi vya mikanda, ina tundu la milimita 17, upana wa nje milimita 40 na unene wa milimita 12, iwe imetengenezwa Schweinfurt, ambako Friedrich Fischer aliunda mashine ya kusaga gololi mwaka 1883, au Japani, au kwingineko. Ikiongezwa 2RS ina maana ina kizuizi cha mpira pande zote mbili, na hiyo ndiyo ya kuulizia kwa watu wenye tope la masika na maji ya chumvi. Mtu wa Kibiti haagizi "beringi ya Noah ya mwaka fulani", hapo bei inapanda kabla hajamaliza kusema. Anaingia dukani na namba. Ubora wa beringi hutofautiana, na za bandia zipo, kwa hiyo aizungushe kidoleni kabla ya kutoa hela.

Binamu yangu, ambaye hoja zake huwa na kutu lakini zina uzito, atasema kazi ya kweli haifanyiki kijijini, na ushahidi ataokota palepale Salale. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoshushwa majini mji huu huu ninaokaa mwaka 1905, iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha mitambo yake ikaleta ubishi, ikarudi kujificha kwenye mikoko yetu. Delta haikuwa na karakana ya kazi ile. Ikabidi sehemu mbovu zipelekwe Dar es Salaam. "Unaona?" atasema binamu. Naona, lakini aangalie kilichosafiri. Kapteni wake, Looff, hakuipeleka meli Dar kutafuta ugonjwa. Waliijua sehemu, wakaifungua pale pale mtoni, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za wapagazi wetu, ikatengenezwa kwenye karakana, ikarudishwa na kufungwa. Walibeba spea, meli ikabaki. Najua pia kwamba tarehe 11 Julai 1915 iliishia matopeni. Hayo yalikuwa makombora ya meli za Kiingereza Severn na Mersey, yakielekezwa na ndege, na Wajerumani wenyewe wakamalizia kuizamisha. Hakuna fundi anayetoa dhamana dhidi ya Waingereza. Hata baada ya hapo waliendelea na mtindo ule ule: meli imekufa, lakini mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iling'olewa ikapigana nchi kavu, na mmoja hadi leo umekaa Fort Jesus, Mombasa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la nyundo, kwa sababu kazi ya nyumbani mara nyingi huharibikia hapo. Beringi ina pete ya ndani, pete ya nje, na gololi katikati. Ikiwa inaingia kwa kubana kwenye tumbo la kigurudumu, anayebanwa ni pete ya nje. Ukigonga ya ndani, pigo lote linapita kwenye gololi, zinachimba vishimo vidogo kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kulia kabla hujafunga boneti. Halafu duka linalaumiwa. Chukua soketi, au ile beringi kuukuu, yenye upana unaolingana na pete ya nje, iweke juu, ubane polepole kwa jiliwa. Ikiwa inayobana ni ya ndani, kama pale kwenye shafti ya oltaneta, sukuma ya ndani. Kabla ya yote hayo toa waya wa hasi wa betri. Mkanda ukiwa unazunguka, kanzu, khanga na ncha za shuka zikae barazani na wenye nazo. Na asiingie mtu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kama jeki hiyo ilitoka kwangu.

Kuna kelele mbili ambazo mkorosho hauziwezi, na sitaki mtu aninukuu vibaya. Ya kwanza ni mlio unaotoka nyuma ya kifuniko cha mkanda wa taimingi. Huo si mkanda wa kutoa kwa majaribio: kwenye injini nyingi ukikatika au ukifungwa nje ya alama, vali hukutana na pistoni, na hapo Mjomba atakuwa amepata sababu ya kununua injini ya mtumba. Kazi hiyo apewe anayejua alama zake. Ya pili ni ule mlio mzito wa kugonga, wa chini, unaokwenda na krenki, hasa taa ya oili ikiwa inapepesa. Zima hapo hapo. Asiseme mtu "tufike Ikwiriri kwanza", Ikwiriri itakusubiri.

Kwa hiyo kuhusu hilo gari la familia: nitachangia beringi, sichangii injini. Nitumieni picha ya namba iliyo ubavuni, na Mjomba anirekodie sauti mara mbili, mkanda ukiwepo na mkanda ukiwa umetoka, kwa redio iliyozimwa.

Ndugu yenu, Kiel.