Sifa za Wiki Isiyo na Mlima

Wapo watu wanaoapa kwamba mbio za baiskeli za Tour de France huanza siku ya 10. Kabla ya hapo, wanasema, ni wanaume wapatao 180 wanaokatiza mashamba ya ngano: watatu wamechomoka mbele, waliobaki wanapiga soga na kumenya ndizi, helikopta inatuonyesha kasri na ng'ombe, kisha dakika tano za mwisho kila mtu anazinduka, mmoja anashinda kwa upana wa tairi, na kesho ni yale yale. Mashtaka yote hayo ni ya kweli. Wiki ya kwanza ni ndefu, ni tambarare, na aliyeiacha saa 8 mchana akairudia saa 12 jioni mara nyingi hajapitwa na kitu. Hata hivyo nakusudia kuisifu, tena kuisifu kutoka Kampala, mji wa vilima, ambako baiskeli tunaijua zaidi kama chombo cha kusukumwa kwa mikono kupanda mlima, kikiwa kimelemewa na mikungu ya matoke.

Nitaanza na Jumatatu ya tarehe 1 Julai 2024. Siku hiyo, ya tatu tangu mbio zianzie Florence, waendeshaji walitoka Piacenza kwenda Turin, kilomita 230.8, safari ndefu kuliko zote za mwaka huo. Iliboa hata kwa mazoea ya wiki ya kwanza: kwa saa nyingi hakuna aliyejisumbua hata kuchomoka. Kundi zima lilitambaa kana kwamba limekodiwa kwa saa. Karibu na mwisho watu wakaanguka, kundi likakatika vipande, na kwenye mita za mwisho Biniam Girmay wa Eritrea akajipenyeza upande wa kulia, kando ya vizuizi vya barabara, akawaacha Fernando Gaviria na Arnaud De Lie. Mbio zilizoanzishwa mwaka 1903 zikapata Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua, yaani mbio ya siku moja. Jioni hiyo hiyo Richard Carapaz akavaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio, Mwekwado wa kwanza kuivaa. Kwa nini yeye? Kwa sababu watu wanne walikuwa na muda ule ule, hakuna sekunde iliyowatenganisha, ikabidi waamuliwe kwa nafasi walizomaliza nazo. Yaani siku moja ya kusinzia ilizaa watu wawili wa kwanza.

Sasa tazama kilichotokea kesho yake. Waandaaji walikuwa wameuweka mlima Galibier siku ya nne. Tadej Pogačar akaupanda, akaushuka, akashinda, akaichukua jezi ya njano na hakuivua mpaka Nice, akiwa amemwacha wa pili kwa zaidi ya dakika sita. Wapenda milima walipata walichokililia. Mlima ulijibu swali siku ya nne, na siku 17 zilizobaki jibu likawa linasomwa tu kwa sauti. Hapo ndipo ninaposimamia: mlima hauleti msisimko, unaumaliza. Tambarare ndiyo inayoutunza, kwa sababu katika tambarare bado hakuna aliyeshindwa.

Tena mlima una ubaguzi wake. Hautaki ujanja, bahati wala ujasiri wa mtu wa kawaida. Unataka mapafu ya watu wawili au watatu duniani, na timu yenye fedha ya kuwanunulia wasaidizi. Waafrika tujiulize tumevuna wapi. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot, naye Mweritrea, alikusanya pointi moja moja kwenye vilima vya kaskazini mwa Ufaransa ambavyo mkazi wa kilima cha Muyenga hapa Kampala angepanda bila kukatiza simu yake, na baada ya hatua ya sita, iliyofika Le Havre, akavishwa jezi nyeupe ya madoa mekundu, ile ya mfalme wa milima. Mfalme wa milima aliyetawazwa kwenye tuta! Cheka ukitaka, lakini jezi ni jezi. Milima ya kweli ilipofika jezi ikamtoka, na mwisho wa mbio ikawa ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekimbia kwa bendera ya Uingereza. Girmay naye alishinda hatua tatu mwaka 2024, mbili kati ya hizo kabla ya siku ya kwanza ya mapumziko, akamaliza na jezi ya kijani, ile ya pointi. Na kanuni yenyewe ya jezi hiyo iko upande wangu: mshindi wa siku ya tambarare hupata pointi 50, wa siku ya milima mirefu 20. Waliotunga kanuni walijua wapi penye jasho la wengi.

Uganda tuna ushahidi wetu, ingawa hautoki Tour de France. Tarehe 3 Agosti 2024, katika mbio za barabara za Olimpiki ya Paris, zenye urefu wa kilomita 273, Charles Kagimu alichomoka mapema pamoja na Mnyarwanda, Mmoroko, Mmorisi na Mtailandi. Wakapewa zaidi ya dakika 10. Neno "wakapewa" ni la haki kabisa, maana kundi kuu hupiga hesabu: kanuni ya zamani inayohusishwa na mtangazaji Mfaransa Robert Chapatte husema kundi linaweza kumrudisha aliyechomoka kwa dakika moja katika kila kilomita 10. Walikamatwa, kama ilivyotarajiwa, na Remco Evenepoel akatwaa dhahabu. Lakini kwa saa kadhaa runinga za dunia nzima hazikuwa na mtu mwingine wa kuonyesha ila hawa watano. Kipindi ambacho wajuzi hukitumia kwenda kupika chai ndicho ambamo Mganda aliongoza Olimpiki kwenye baiskeli. Ukifupisha mbio ili zisiboe, huyo ndiye wa kwanza unayemfuta.

Mpinzani atasema: kama kila mtu anajua watakamatwa, raha iko wapi? Nami nitamuuliza kama amewahi kuhudhuria kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Kila aliyealikwa anajua bwana harusi atakubaliwa. La sivyo asingekodi mabasi na kujaza vikapu. Hata hivyo wasemaji wa pande mbili hutaniana na kupimana hekima kwa saa nzima nzima, wageni hutozwa faini kwa kuchelewa, mabinti hutolewa kundi baada ya kundi, na kila mara bwana harusi anaambiwa atazame vizuri, wake hayumo. Hakuna mgeni anayenyanyuka kudai bibi harusi aletwe mara moja watu wale waondoke. Wanaojua jambo hutazama jinsi linavyocheleweshwa. Ndivyo ilivyo kuwatazama watu watatu mbele ya kundi lenye njaa: zimebaki kilomita 20, dakika mbili, zimebaki 10, sekunde 50, je, leo wamekosea hesabu?

Atakuja mwingine na hoja nzito zaidi: Rwanda. Tour du Rwanda haina wiki ya kusinzia, ni vilima kutoka mwanzo hadi mwisho, na watu hujaa barabarani. Kweli, na umati ule hauna mfano. Lakini tarehe 28 Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabara ulipofika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, njia ilikuwa ya vilima vitupu. Pogačar aliondoka zikiwa zimebaki kilomita kama 100, akakimbia zaidi ya kilomita 60 peke yake, na wakamaliza watu 30 tu. Ulikuwa ushujaa mkubwa. Ushindani ulikuwa umekwisha zikiwa bado zimebaki kilomita 60 na zaidi.

Iko hoja moja ambayo sina ubavu wa kuifanyia mzaha: ajali. Froome, bingwa mtetezi, aliiaga Tour ya 2014 siku ya tano kwa kuanguka. Jasper Philipsen alishinda hatua ya kwanza mwaka 2025 na siku ya tatu akapelekwa hospitali, mtulinga umevunjika. Hayo ni maumivu, na njia nyembamba za kumalizia zirekebishwe. Ila walalamikaji wachague shtaka moja. Wiki ile ile haiwezi kuwa na hatari kupita kiasi na wakati huo huo haina kinachotokea. Wanasukumana kwa sababu kila mmoja bado anaamini leo ni zamu yake. Wiki ya tatu hawasukumani sana, kwa kuwa wengi wameshakata tamaa.

Kuhusu muda, hatua nyingi humalizika yapata saa 12 na nusu jioni kwa saa zetu, Kampala yote ikiwa kwenye jam na Ligi Kuu ya Uingereza ikiwa likizo. Sioni nani anaporwa.

Basi ombi langu ni kwa watakaoandaa mbio za hatua za kimataifa zinazoanzia Kampala, wakijaliwa. Watashawishika kukimbilia Kapchorwa au Kabale siku ya pili, ili wapate picha nzuri. Wajizuie. Siku ya kwanza waelekee Masaka, kama kilomita 130, wavuke ikweta pale Kayabwe, wapite tambarare ya Lwera kati ya kinamasi na malori ya mchanga, na kwa saa tatu kusitokee chochote. Kapchorwa ingoje wiki ya pili.