Pawa Saplai Mpya, Lawama Mpya

Mteja wa siku ya pili hasalimii. Anaingia kwa fundi amekumbatia kompyuta ya mezani kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali kabla ya siku zake, anaitua mezani, kisha anamwaga shtaka: juzi haikuwaka kabisa, ikabadilishwa pawa saplai, sasa inawaka vizuri halafu inazima yenyewe inapojisikia.

Safari hii mteja ni mama mwenye steshenari. Aliyebadilisha ni mpwa wake, kijana wa kidato cha nne mwenye bisibisi moja na imani kubwa.

Kabla ya kufika kwa fundi, kesi ilishasikilizwa mtaani. Jirani wa duka la simu alisema ni virusi. Wa saluni alisema umeme wa mtaa huu haujatulia. Msichana wa fotokopi akatoa hukumu ambayo Dar es Salaam hupewa kila kompyuta, hata iliyoanguka ngazini: ipigwe Windows. Ikapigwa. Ikazima tena, sasa ikiwa safi kabisa, bila faili hata moja la wateja.

Wa saluni hakukosea sana, ila pawa saplai nyingi za siku hizi hupokea kuanzia volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukipungua kidogo hazishtuki. Za kuogopa ni zile za zamani zenye swichi nyekundu ya 115 na 230. Ukiisahau kwenye 115 na kuchomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, hakuna cha kuchunguza: utasikia mlio, kisha utanusa jibu.

Mpwa naye alikuja na ushahidi. Windows ilikuwa imeandika kosa namba 41, Kernel-Power, na kwake neno hilo la mwisho lilimaliza kesi. Kumbe namba hiyo haimtaji mkosaji. Inaeleza tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuaga.

"Mama, huwa inazima saa ngapi?" fundi akauliza.

"Saa nne, wateja wakijaa."

Alikusudia kuuliza inazima ikiwa inafanya kazi gani, lakini jibu lilikuwa bora kuliko swali. Kompyuta inayozima ikielemewa, mara nyingi ama haipati umeme wa kutosha ama inachemka.

Akaanza na umeme. Kibandiko cha pawa saplai kiliandikwa wati 500 kwa herufi za kujivuna. Fundi mzoefu hasomi hapo. Husoma mstari wa volti 12, kwa kuwa humo ndimo prosesa na kadi ya michoro hula. Mstari huo ulisema ampia 18. Zidisha: wati 216. Zilizobaki ziko kwenye mistari ambayo kompyuta ya leo haiitumii sana, au ziko kwenye kibandiko tu. Hata hivyo, kwa mashine ya kuchapa barua, isiyo na kadi ya michoro, 216 zinatosha. Multimita nayo ilionyesha volti 11.9, wakati kiwango cha ATX, kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kinavumilia hadi 11.4.

Ndipo akachungulia ubavuni. Waya mmoja wa pawa saplai mpya, mrefu kuliko wa zamani, ulikuwa umelala kwenye mapanga ya feni ya prosesa. Feni haizunguki. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzijoto 100 hupunguza mwendo, na joto likizidi hujizima zisiungue. Hiyo ndiyo saa nne ya mama.

Waya ukafungwa pembeni kwa kifungo cha plastiki, na ubishi ukahamia kwenye malipo, maana mama hakuona kwa nini alipie kusogezwa kwa waya.

Mpwa bado anataka pawa saplai nyingine, ile ya nyaya za kuchomoa, na amepanga kuziacha za zamani ndani ili asihangaike. Nawe ukipata wazo hilo, liache. Nyaya za kampuni moja zinaweza kuingia vizuri kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine huku pini zake zimepangwa tofauti, na diski ikaungua mara unapowasha. Toa zote, tumia zilizokuja ndani ya boksi.