Rais Alifungua, Koplo Hakufungua

Msomaji mwenzangu, kama na wewe unakaa na mama mkwe, utanielewa. Wangu alikuja kwetu Kisauni kutoka Malindi Machi 2020, kumwona mjukuu, na mkoba mmoja tu mkononi. Aprili 8 Mombasa ikafungwa kwa ajili ya korona, Kilifi nayo ikafungwa. Njia zilipofunguliwa Julai, mkoba ule haukutoka chumbani. Tunamwita Koplo, jina analijua na analipenda.

Kafyu ilipoanza, saa moja jioni, mlango wetu ulitiwa komeo saa kumi na mbili na nusu. Serikali ikasogeza hadi saa tatu, kisha saa tano, ikarudi saa nne. Koplo akasogea nayo, daima nusu saa mbele.

Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kule Kirinyaga kwamba kafyu imekwisha. Mke wangu, Mama Salma, alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Koplo akaendelea kuchambua mchicha. "Amefungua Kenya," akasema. "Ufunguo wa mlango huu anao?"

Watoto nao wana yao. Machi 2022 barakoa ziliacha kuwa lazima nje, lakini Mapengo, kitinda mimba wetu, hakuivua yake mpaka meno ya mbele yalipoota, na nyanya yake akamtetea kwa nguvu zote. Lile jerikani la mfereji la kunawia mikono bado liko kibarazani. Kila siku nasema nitaliondoa, na kila siku nakuta limejazwa.

Basi Jumamosi moja tukaenda harusini Majengo, tukarudi saa saba za usiku. Komeo. Mama Salma akabisha, akapiga simu. Tukaisikia ikilia ndani.

"Nani?"

"Sisi, mama."

"Sisi nani, saa hizi?"

Alipofungua alikuwa amevaa leso yake ya kutokea, hajalala hata kidogo. Akatushika vichwa mmoja mmoja, kama siku ile ya kwanza ya kafyu, moshi wa kutoa machozi ulipowakuta abiria wa feri pale Likoni. Shemeji yangu Kibiriti, anayekaa ng'ambo, alikuwa katika umati ule. Akashindwa kuvuka, akaja kwetu usiku, macho mekundu, kiatu kimoja mguuni. Koplo, mama yake, alikuwa amekaa nyuma ya mlango tangu magharibi. Tangazo la Rais halikufika kwenye usiku huo, nami sina ugomvi na Koplo.

Mama Salma akaomba ufunguo wa akiba. Akanyimwa. Ikaamuliwa, na nani angepinga, kwamba harusini twende na Koplo mwenyewe. Sasa hukaa safu ya mbele, amejifukiza udi, anapiga makofi kuliko wenye harusi. Ikigonga saa tatu na nusu anamtuma mtoto upande wa wanaume aniite. Bibi harusi hajatolewa, pilau ndiyo kwanza inapakuliwa, na sisi sote tumo ndani ya tuktuk, tunaelekea Kisauni.