Mwongozo wa Kuituliza Katiba ya Kikundi

Kikundi chenu kinaomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Katiba mmeichapa kijijini, mkaitia kwenye flashi na kuipeleka hadi steshenari ya Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu. Inafunguliwa, na lo! Jina la mwenyekiti limevamia mstari wa katibu, sahihi zimetorokea ukurasa wa peke yake. Kabla hamjamgombeza mchapaji, fuateni hatua hizi.

1. Kipeni likizo kitufe cha nafasi. Kazi yake ni kutenganisha neno na neno, basi. Kupanga majina kwa nafasi ni kupakia dengu kwenye gunia lililotoboka: mnadani zitafika chache. Choreeni majina jedwali, kisha ficheni mistari yake.

2. Washeni alama ya ¶. Kila nukta inayojitokeza ni nafasi, kila ¶ ni Enter. Palipo na foleni ya nukta, mhalifu amepatikana. Futeni.

3. Mkitaka ukurasa mpya, bonyezeni Ctrl na Enter kwa pamoja, mara moja. Aliyeteremka kwa Enter kumi na tano ataona kurasa zote zikihama siku mjumbe mmoja akiongezwa.

4. Pimeni karatasi. Programu nyingine huja na Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Printa ina A4, 210 kwa 297. Chagueni A4 kabla ya kuchapa neno la kwanza.

5. Msiogope mistari myekundu. Kompyuta inadhani mnaandika Kiingereza kibovu. Ibadilishieni lugha iwe Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lugha yetu haina deni kwa kompyuta.

6. Hifadhini nakala ya PDF. Hiyo haibadiliki ikihamia mashine isiyo na fonti yenu.

La mwisho ndilo zito. Ukurasa wenye sahihi tupu unaweza kubandikwa nyuma ya makubaliano yoyote. Hakikisheni ibara ya mwisho ya katiba inakaa ukurasa mmoja na sahihi, someni nakala iliyoprintiwa mbele ya wanachama wote, ndipo muipeleke halmashauri.