Wachokozi Watano wa Oksijeni: Tunahesabu Kurudi Nyuma

Huku kwetu Nyangamara jua halikopeshwi. Limejaa tele, na bati liko tayari kukaanga chochote. Lakini jua likitaka kuichokoza oksijeni iliyo ndani ya maji, humtafuta dalali, naye ni rangi. Rangi humeza mwanga, ikapandwa na wazimu, kisha ikaitupia oksijeni wazimu huo na kujifanya haikuwepo.

5. Kanga mbichi kambani. Asubuhi nyekundu, wiki ya pili imepauka kama imefiwa. Baadhi ya rangi za nguo huichokoza oksijeni, nayo hugeuka na kumtafuna dalali mwenyewe. Bibi huianika ndani nje. Kemia hakusoma, ila hela iliyoinunua ilikuwa yake.

4. Doa la bizari. Sabuni imeshindwa, jua likamaliza. Wa maabara wanaijua vizuri rangi hiyo ya manjano: chokochoko nyingi, maisha mafupi.

3. Maji ya rangi ya chai, yale yaliyolala na majani yaliyooza. Yakipigwa na jua huzaa oksijeni kali, hata haidrojeni peroksaidi. Usishangilie bado: weusi huohuo hulizuia jua lisifike chini. Chai ya rangi tuiachie vitumbua.

2. Akridini. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini München, alieleza jinsi paramesiamu, vijidudu vya majini, walivyokufa upesi wakiwa na rangi hiyo mahali penye mwanga, na gizani wakaendelea kudunda. Majibu yakigongana, wengi tungelaumu mizani. Yeye alilitazama dirisha.

1. Rangi ya bakteria mwenyewe! Jaza maji maangavu kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, ilaze juani juu ya bati kwa muda wa saa 6, bakteria wafe. Mawingu yakitanda, siku 2. Tumboni mwake bakteria amebeba vitamini B2 na porfirini, na hizo hunasa mionzi na kuizulia oksijeni fujo nyumbani kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, tena yeye hata nguo hana. Hasira yenyewe ya oksijeni, ndani ya maji, hudumu sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Ukiruka foleni kisimani utakasirikiwa zaidi ya hapo. Utafiti uliochapishwa 1996, wa watoto 206 wa Kimaasai nchini Kenya, ulikuta kuhara kukali kumepungua kwa waliokunywa maji yaliyoanikwa.

Chupa ya kahawia ya bia iache ilipo. Ilipewa rangi ile kusudi, jua lisiingie: bia nayo ina B2, ikichokozwa inanuka.